Usijibu Wito wa Kwanza

Makiso, Kisangani

Sifa, mujukuu wangu,

Salamu alekum. Mama yako iko muzima, tonton Ramazani, mujomba wako, amenunua pikipiki ingine. Unauliza sababu gani ukinipigia simu sipokei mara ya kwanza. Bon, ni juu ya koko yako mwanaume, babu yako, marehemu bwana yangu.

Tulikutana Isangi, wakati wa congé, likizo ya Noël. Mimi binti wa Kiislamu, mukimya, mutoto wa muto. Yeye Mukatoliki wa Butembo, kule milimani, muuza vitenge, anaongea mpaka kuku wanachoka. Maji aliyaogopa, lakini asubuhi moja alinifuata mpaka kwenye mitumbwi, ukungu umefunika muto wote.

Ndani ya ukungu sauti ikaita jina lake. Kwetu, sauti ya mutoni haijibiwi mara ya kwanza. Mutu aliye hai ataita tena. Yeye, mugeni wa milimani, akajibu, "Nakuya," akaingia majini, magoti, kiuno, akicheka kama anaona rafiki.

Nilimushika shati, nikamuziba kinywa. Tukangoja. Hakuna aliyeita tena.

"Nani alikuwa ananiita?" akauliza. "Hapa hakuna mutu anayenijua."

"Mimi nakujua," nikamwambia. Tangu siku ile hakuachia mukono wangu, mpaka tulipomuzika.

Jana asubuhi ukungu ulipanda mpaka kwenye dirisha yangu. Sauti yake iliniita, mara moja tu. Sikujibu, Sifa. Nimekwisha vaa viatu, niko nangoja ya pili.

Koko yako,
Zaina