Akullo Kumi na Mmoja

Kisoko, Tororo
9 Machi 2025

Mwanangu Elphas,

Salamu kutoka Kisoko. Sisi wazima, ila mafua yamewashika walimu. Wewe na watu wa Busia mnaendeleaje? Nakuandikia karatasi na kumpa kaka yangu Mujib, anayepita huko na lori la mahindi, maana kwenye simu unanijibu kwa kidole gumba na sijui kidole kinasema nini.

Jana watoto wa bweni walitembelewa. Bibi Leonida wa Mwello ana mjukuu mmoja tu hapa, Akullo wa darasa la tatu, lakini alileta chakula cha wasichana kumi na mmoja. Programu yako ya kuwaarifu wazazi kwa simu imewafanya Akullo wote wa shule kuwa ndugu wa nyumba moja. Ule ujumbe wa jioni, "Akullo ameshinda salama", unaingia kwenye simu yake mara kumi na moja, na wazazi wa wale kumi hawapati kitu, wanalaumu mtandao. Bibi hakulalamika. Aliwapakulia wote, akawafuta midomo wote.

Tarehe 26 Aprili kamati itaamua kama tubaki nawe au twende kwa kampuni nyingine ya Kampala. Miaka miwili unatuhudumia, hujakanyaga hapa hata siku moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Njoo wakuone.

Mama yako,
Mwalimu Kulusumu


Busia, upande wa Kenya
14 Machi 2025

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Mafua yamepungua? Huku tu wazima, mvua imeanza.

Kosa ni langu. Kwetu watoto wa baba mmoja hubeba jina la baba, nikadhani jina la mwisho likifanana basi ni ndugu. Sikujua kwamba huko kila mtoto ana lake.

Nimewaota hao wasichana, Mama. Walivuka mpaka kwa mstari, na sare zao, hakuna aliyewauliza karatasi. Wakaingia ofisini kwangu, wakasimama wakinitazama. Nilipoamka nikakaa mezani nikawatenganisha, kila mmoja kwa mzazi wake.

Shule yenu ndiyo pekee iliyonibakia. Mkiondoka nafunga ofisi. Lakini kuja mbele ya kamati naogopa, mimi si mtu wa maneno.

Mwanao,
Elphas


Kisoko
2 Aprili 2025

Mwanangu,

U mzima? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka.

Ulipoirekebisha orodha ya majina, simu ya Bibi Leonida ikabaki na ujumbe mmoja. Alivumilia siku chache, kisha akaja kwa miguu kutoka Mwello, tope hadi magotini. Akaniuliza, "Mwalimu, watoto yangu ile kumi nakwenda wapi? Nakufa?" Alidhani tunamficha msiba.

Niliwatoa darasani wote. Aliwashika vichwa mmoja mmoja, akihesabu. Alipofika wa kumi na moja akakaa chini akalia, nami nikalia naye.

Ulichofanya kilikuwa sawa, sikatai. Ila mtu aliyewahi kufika hapa angejua kwamba Bibi lazima aambiwe kwanza. Njoo, Elphas. Nimechoka kuomba.

Mama yako,
Kulusumu


Busia
15 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kwenu, na asante kwa kunipeleka Mwello mwenyewe. Mguu wako uliokuwa ukiuma umepoa?

Nimejaribu kufanya kazi tangu juzi na siwezi. Nakaa mbele ya kompyuta, na masikio yangu bado yako uani kwa Bibi. Hakuniuliza habari za programu. Aliuliza mama aliyenizaa ni nani na kama ninakula vizuri, akanijazia karanga mfukoni. Jioni simu ilipolia akafumba macho, akalitaja jina la mjukuu wake polepole, akangoja wengine. Mama, niliona aibu.

Wazazi wa wale kumi uliowapigia wamekubali. Sasa kila ujumbe unakwenda kwa mzazi, na kwa Bibi pia. Amelala vizuri?

Mwanao,
Elphas


Kisoko
27 Aprili 2025

Mwanangu Elphas,

Salamu. Mguu umepoa. Bibi analala vizuri, anasema nyumba imejaa tena.

Kura zilikuwa tano kubaki nawe, sita kuondoka. Nilikutetea hadi sauti ikakauka. Mwenyekiti wetu, Mzee Edeku, akasema, "Huyo kijana tumeona mara moja tu. Ya Kampala nakuja kila mwezi." Ungekuja mwaka jana, tungekuwa tunaandikiana mengine leo.

Wageni wa Kampala wanaanza muhula mpya, Jumatatu tarehe 26 Mei. Niliwaeleza habari za Bibi. Wakasema kwao mtoto mmoja ni simu moja. Nisamehe.

Mama yako,
Kulusumu


Busia
20 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmepumzika likizo hii. Usiombe msamaha, nilichelewa mwenyewe.

Nimewakabidhi wageni orodha yote, na majina yamekaa sawa. Niliwasihi wamwendee Bibi kabla ya kuanza. Wakasema watamtumia ujumbe.

Ofisi nimeirudisha kwa mwenye nyumba. Mjomba wangu wa huku amenipa nafasi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, naanza Juni.

Jumatatu hiyo ya tarehe 26 nitavuka asubuhi niende Mwello. Nitamwambia mwenyewe kwamba simu italia mara moja tu, na kwamba watoto wote wazima. Halafu nitakaa naye hiyo jioni ya kwanza, hadi alale. Shule hainidai kitu tena, Mama. Namwendea Bibi.

Mwanao,
Elphas