Mkurugenzi Ndani ya Lifti

Shoga, acha kila kitu usome! Lifti ya ofisi imekwama na Mkurugenzi yumo ndani 😂😂

Fundi kafika na vifaa vyake, Mama Manunuzi wa ofisi ya zabuni kamzuia. Eti hakuna matengenezo ya dharura bila saini ya Mkurugenzi! Na waraka huo kautoa Mkurugenzi mwenyewe, wiki jana tu!

"Nifungulieni!" anafoka. "Nifungulieni kwanza!"

"Mkuu, uliandika atakayekiuka afukuzwe kazi," anajibu mama wa watu, mpole kama maji ya mtungi. Akapenyeza fomu kwenye upenyo wa mlango.

Shoga, akasaini! Mle mle gizani, akasaini! Fomu ikatoka.

Mama Manunuzi kaisoma taratibu, kairudisha ndani.

"Mkuu, hujajaza sababu ya dharura."