Mtamba Uliyempeleka Peke Yako

Chacha,

Bhoke anaolewa. Baba yake, Mzee Marwa, alitutamkia jana nyumbani kwake Nyanungu, mimi na Mama tukiwa tumekaa mbele yake. Anayemuoa ni bibi mmoja mjane wa kule kule, asiye na mtoto wa kiume. Utaratibu wetu wa mwanamke kuoa mwanamke unaujua: bibi anatoa ng'ombe, Bhoke anahamia kwenye boma lake, na watoto wanakuwa wa nyumba ya bibi. Wako akiwemo.

Mama akauliza, "Na mtamba wa Chacha je?"

Mzee akacheka kidogo. "Yule alikuwa faini ya mimba, mama Chacha. Mahari huja na wazee. Kijana wako alikuja na fimbo tu."

Ni kweli. Hukumwambia hata baba mdogo. Ulipata fedha yako ya kwanza kwenye shimo la dhahabu Nyangoto, ukanunua mtamba mnadani, ukamswaga mwenyewe hadi kwao, ukamfunga kwenye nguzo ya zizi, ukaondoka. Ulinipigia simu kusema umeanza kulipa. Nikauliza nani alishuhudia. "Dada, wewe na maswali yako, kama polisi." Ukarudi shimoni kutafuta wa pili, na shimo likakuangukia.

Mtamba amezaa. Mtoto wako anakunywa maziwa yake. Anaitwa Mwita, jina la baba yetu. Bhoke alilishikilia, baba yake alipotaka jingine. Ana masikio yako. Anatembea akishika ukuta.

Bhoke amekonda. Alikuwa anasubiri muhula mpya arudi kidato cha tatu, na sketi ya shule ameshaipunguza kiuno. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nikamuuliza kama amekubali.

"Nikikataa nitaenda wapi, dada? Baba hanisemeshi. Mama anatukanwa kila siku kwa ajili yangu." Akapukuchua gunzi lingine. "Yule bibi angalau alinisalimia."

Kisha akauliza kama na wewe shuleni walikucheka. Nikamsimulia wavulana wa darasa lako walivyokuwa wakikupangia mstari mlangoni, "Shikamoo baba!", na wewe unaitikia, "Marahaba, wanangu, mmekula?" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuacha kutoka. Sikumwambia kwamba nyumbani ulikuwa huongei, wala kwamba siku uliyoacha kidato cha nne ulimpa Mama madaftari yako awashie moto. Hajayawasha. Yapo juu ya kabati.

Jumamosi wazee wanakaa kwa Mzee Marwa. Safari hii baba mdogo anakwenda na wenzake, kama ilivyotakiwa siku ile. Hawaendi kumdai Mwita. Hatuna ng'ombe wa kushindana na bibi. Wanakwenda kuomba Bhoke amalize shule kwanza, na mtoto akae kwa Mama mpaka amalize. Baba mdogo anasema tusitegemee sana.

Wakikataliwa, nitakwenda jikoni kwa bibi mwenyewe. Nitamwomba Mwita aruhusiwe kuja kwetu, aonyeshwe kaburi lako, aambiwe aliyelala hapo ni nani. Akikataa, nitarudi tena, na tena. Hilo nakuahidi.

Lala, mdogo wangu. Kikao ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mashahidi watakuwepo.

Dada yako