Siku Niliyochomoa Waya

Dada mpendwa,

Habari za huko? Hapa tunasukuma siku. Hospitali imenunua seva, yaani kompyuta za kutunza taarifa za wagonjwa. Bosi alitaka moja kubwa. Nikambishia mpaka nikapewa mbili za wastani, kila moja na jengo lake na umeme wake.

Jana nikawa na hamu ya kujua: moja ikizimika, nyingine itashika kazi kweli? Nikachomoa waya, nikapiga simu wodini.

"Bado mnaona taarifa?"

"Naona dawa za bibi wa dirishani," nesi akajibu. "Kwani kuna nini?"

Nikacheka, kisha machozi yakanitoka.

Bibi huyo ni mama, dada. Alinikataza nisikwambie. Kila akiamka anakuulizia. Njoo.

Mdogo wako