Sumaku kwenye Jamvi la Karafuu

Ole, Pemba

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mvua imeacha, jua ni kali, na kadi hii yenyewe inanukia karafuu.

Jana tulikuwa jamvini tukitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, Mjomba Hamadi akanikabili mbele ya wanawake wote: "Posa inangoja jibu. Hiyo oksidi yako ya manganizi unayoichunguza maabara itakuzalia?"

"Mjomba, kaa nikueleze."

Jamvi lilijaa. Kila mmoja alikuwa amempa jirani yake mgongo ili apate pa kunyooshea mikono. Nikamwambia atomi za oksidi hiyo ni sumaku ndogondogo, na obiti za elektroni ni kama mikono ile: zinakoelekea ndiko kunakoamua sumaku jirani zipingane au zikubaliane. Kisha nikamwomba jirani yetu Bi Time ainuke. Wenzake wakasogea kujaza pengo, na ili wasogee ikawabidi wote wageukie upande mmoja.

"Ukitia metali ya strontiamu, elektroni chache huondoka hivyo. Zilizobaki hupata njia ya kusogea, sumaku ndogo zote huelekea upande mmoja, na oksidi nzima huwa sumaku."

"Kumbe mpaka niondoke mie ndo mpatane!" Bi Time akasema. Walicheka mpaka karafuu zikamwagika.

Mjomba hakucheka. "Na posa?"

"Waambie waliokuja kuposa: hapana. Narudi maabara."

Najua ni wewe uliyemtuma, Mama. Nakupenda, na jibu langu kwako ni hilohilo. Mungu akupe afya na usingizi mwema. Mahari usipokee.

Mwanao,
Rukia