Mfuko wa Bundi

Iringa, Jumamosi, Juni 1957

Leo baridi imeamka kabla yetu. Ukungu ulikaa mtaani mpaka saa nne, na wateja walishika vikombe kwa mikono miwili kama watu wanaoomba dua. Siku ya namna hii hoteli yetu hujaa, maana chai ya moto haina mpinzani. Lakini furaha yangu ya leo haikutoka kwenye mauzo.

Seti imetimia. Ndege wote hamsini wako ukutani.

Niandike vizuri, nisije nikazeeka nikadhani niliota. Kila pakiti ya chai tunayofungua hapa hotelini ina kadi moja ndogo ndani yake. Mbele kuna picha ya ndege, nyuma kuna namba yake na maneno machache ya kumweleza. Watu wengine huwapa watoto wachezee. Mimi nilizipenda tangu ile ya kwanza, korongo aliyesimama kwa mguu mmoja na maringo yake, nikaanza kuziweka.

Kuziweka ndiyo kazi. Mwanzo nilizitia kwenye kopo la maziwa. Masika yakaja, zikashikana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Mume wangu, Baba Zubeda, akanishauri nizibandike ukutani kwa uji wa ngano. Nikamsikia. Mende wakala uji na ndege wake. Tangu hapo ushauri wa Baba Zubeda naupokea kwa heshima na kuuacha mezani.

Nikakata kitambaa cha marekani, nikashona vifuko safu tano, kumi kila safu. Kila kifuko kina dirisha mbele ili ndege aonekane, na kimeachwa wazi juu ili kadi itoke bila kukunjika mtu akitaka kusoma nyuma. Namba nimezidarizi kwa uzi mwekundu. Zilizojirudia nazitunza kwenye kopo kwa mafungu, za kubadilishana na wateja. Anayeleta namba nisiyo nayo, chai yake bure. Madereva wameniletea, walimu wameniletea, hata mama mmoja wa Ilomba kule Mbeya, aliyekuwa safarini, alinitolea mwewe kwenye fundo la kanga yake.

Lakini kifuko cha arobaini na moja kilibaki kitupu, na kila mtu alijua sababu.

Ni bundi.

Nani katika nchi hii atafungua pakiti ya chai, akute bundi anamkodolea macho, kisha amtunze? Watu humtia motoni hapo hapo. Hata mimi, kabla sijaanza kukusanya, wa kwanza nilimchoma na mate nikatema. Sasa Baba Zubeda naye alikuwa ameniwekea sharti: masika yakiisha kitambaa hakijajaa, kinashuka, yeye anatundika kioo chake mahali pake. Nikamuuliza, na bundi je? Akasema bundi haingii humu. Mtu anakwambia ufungue mlango, na ufunguo kaukalia yeye. Na masika ndiyo hayo yamekwisha.

Saa tano akaingia Ngonyani. Ni dereva wa lori la Songea, Mngoni, na mimi ni Mhehe wa Kalenga, kwa hiyo ni mtani wangu. Akinitukana sina ruhusa ya kununa, na yeye vivyo hivyo.

"Kamwene, mtani," alinisalimia kwa Kihehe. "Nimekuletea ndugu yako."

Akamtoa bundi mfukoni mwa koti. Alimkuta Nyololo, kwa mama muuza uji aliyekuwa karibu kumtupa jikoni. Nikanyoosha mkono. Wazee wawili waliokaa chini ya kitambaa wakavuta vikombe vyao pembeni.

"Nipe, mtani."

"Sema kwanza, hawa wote wasikie: Wangoni ni mabwana wa Wahehe."

Mtu wa Kalenga aseme hivyo? Heri kitambaa kishuke. Lakini nikinuna nimeshindwa, na hoteli nzima ilikuwa inaningoja. Nikamjazia chai, nikatabasamu, nikatokea mlango wa nyuma. Lori lake huwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma, na hendeli yenyewe hukaa chini ya kiti. Niliporudi nilikuwa nayo ndani ya kanga. Nikaketi karibu na birika, nimenyooka.

Alikunywa, akaaga, akatoka. Tukamsikia akimgombeza utingo wake. Kisha akarudi mlangoni, akanitazama nilivyokaa, akaelewa.

"Mtani, mzigo unangojwa Songea."

"Songea si mbali. Mabwana watembee kwa miguu."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikampa hendeli, akanipa bundi.

Hapo Baba Zubeda akasimama. "Mama Zubeda, nilishasema. Huyo haingii humu. Wateja watakimbia."

Hakuwa anatania, na kicheko kikakatika. Wale wazee walikuwa wamekwisha kusimama, mmoja ameshika fimbo yake. Niliogopa kweli. Hoteli hii ndiyo inayotulisha, na mimi nilikuwa nataka kutundika ndege wa msiba juu ya vichwa vya watu.

Ngonyani akaichukua kadi mkononi mwangu.

"Kwenye msiba nani huchimba kaburi akicheka?" aliuliza. "Si mtani? Basi huyu namweka mimi, kwa mkono wangu. Akija na mkosi, mkosi unifuate mimi mpaka Songea."

Akamchomeka kwenye kifuko chake.

Maneno ya mtani katika jambo kama hilo hayana wa kuyapinga. Hata Baba Zubeda alirudi kwenye kiti chake. Mzee wa fimbo naye akakaa, akaagiza chai nyingine, akataka asomewe bundi ameandikwa nini. Nikamtoa, nikasoma: hula panya usiku kucha. Mzee akafikiri. "Ghalani kwangu angenenepa," alisema.

Jioni mfanyabiashara mmoja wa nguo kutoka Mbeya alisimama mbele ya kitambaa muda mrefu, akauliza ni kazi ya nani. Nilikuwa naosha vikombe. Nikaacha kuosha ili nisikie.

"Ya mke wangu," alisema Baba Zubeda. Kisha akaanza kumwonyesha safu kwa safu, jinsi kadi inavyotoka bila kukunjika, kana kwamba sindano alishika yeye.

Sikutokeza. Nilibaki na kikombe changu mkononi, machozi yananitoka, nacheka. Nimejivuna leo na sioni haya. Vitu vingi nimevianza katika nyumba hii na wengine wakavimaliza. Hiki nimekianza mimi, nimekimaliza mimi, na kimepangwa nilivyotaka mimi.

Najiuliza kama kesho watakuwapo watakaopita mlangoni wasiingie kwa ajili ya ndege mmoja. Huenda wakawapo. Anayeogopa kutazamwa na bundi akanywe chai yake kwake.