Velo ya Lami ku Mawe ya Karuba

Karuba, siku ya ine

Mutoto wangu Verdiane,

Pokea salamu za huku mulimani. Munaamuka je, wewe na bwana yako, na kale katoto mulikapa jina yangu? Mama yako iko na kikoozi kidogo lakini analima. Mimi niko nguvu.

Nakuandikia ju ya velo, ile baiskeli ulinitumia kutoka Goma. Iko muzuri, sikatae. Lakini ule aliyeitengeneza aliwaza lami tu. Pine nyembamba kama muguu ya mbuzi. Siku ya kwanza, mbele ya kufika Mushaki, mawe ilitoboa mupira mara mbili. Na mimi njo muntu nilishusha magunia ya maharagi na velo mpaka Sake miaka kumi na mbili, sikuanguka hata siku moja. Uliza watu.

Nikaenda kwa Nzanzu, yule wa Butembo anauzisha vipande vya velo ku soko ya Mushaki. Nikamuomba pine kubwa yenye meno. Akasema haitaingia, furshi, ile uma inashika gurudumu, iko finyu. Nikamuambia velo ni yangu. Nikatosha gadibu zote mbili za kuzuia matope, pine ikaingia, lakini ikakwama ku chuma. Nikachukua tupa, nikakwangua ile chuma siku nzima. Nzanzu akachekea mbele ya watu ati Papa Léonard anakula velo kama panya. Ati nichukue pine ya katikati na nipunguze upepo, isirukeruke juu ya mawe. Ile ya katikati nikachukua, lakini upepo nikapiga mpaka ikakuwa kama jiwe, ju sisi wa zamani tulifanya vile. Ikanitupa mu mufereji. Bon, sasa upepo nimepunguza.

Kisha nikagombana na freni, nikifinya haisimamishe velo. Nikabadirisha kamba mara tatu, na kila mara nikamuambia Nzanzu anauzisha takataka. Mara ya tatu akapanda velo mwenyewe, akashuka kilima, akasimama fasi alitaka. Akanirudishia velo, akarudia kazi yake. Ile kukosa kunichekea iliniuma kupita kicheko yake.

Mutoto wangu, freni haina kosa. Ni mukono yangu ya kuume. Tangu mwezi wa sita vidole havikamate. Nafinya, nawaza nimefinya, velo inaendelea. Hata hizi maneno naandika na kushoto. Mama yako ananifungia vifungo vya shati asubuhi. Niliapa mbele ya watu nitateremuka mwenyewe mpaka Sake siku ya ubatizo ya katoto kenu. Ile muteremuko itaniua.

Kwa hiyo Yves, bwana yako, akuje kunichukua na moto, ile pikipiki, siku ya posho, ni kusema jumamosi. Asiniulize habari ya velo.

Na kule kanisani, usinipe mutoto nikiwa nimesimama. Nipe nikikaa, na wewe ukae karibu yangu.

Musalimie nyumba yote. Mungu awachunge.

Ni mimi baba yako,
Léonard